Mtutu Nilioupima Mara Tatu

Siku ile sitaisahau, mwanangu, hata nikisahau jina langu. Na kusahau kwenyewe kumeshaanza, maana jana nilitafuta miwani nusu saa nzima, kumbe nimeivaa. Ilikuwa Jumanne asubuhi, hapa hapa Lubumbashi. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimeketi nyuma ya meza katika nyumba ndogo ya makumbusho iliyokuwa katikati ya mji. Mbele yangu palikuwa na rula, kalamu ya wino, kitabu cha Kifaransa na revolva moja ya zamani. Ng'ambo ya meza walisimama watu wa familia mbili, wote wakinitazama mdomoni. Walingoja niwaambie jambo moja tu: chuma kile kilitengenezwa lini?

Nami sikujua. Hapo ndipo yote yalipoanzia, lakini ngoja nikueleze polepole, kwa sababu nikisimulia haraka hata mimi mwenyewe nachanganyikiwa.

Mlionikumbusha ni ninyi vijana. Juzi mjukuu wa dada yangu alikuja hapa na simu yake. Amepata kazi kwa mtu anayekusanya silaha za kale, na kazi yake ni kuzipiga picha na kuandika miaka yake. Akanionyesha akiwa na furaha tele, akiniita Kambo, yaani bibi.

"Kambo, angalia! Unapima tu kano, unaandika urefu, simu inakuambia mwaka."

Kano ndiyo mtutu, lile bomba ambalo risasi hupita. Nikamwuliza, na kama simu imekosea? Akacheka mpaka akashika mbavu.

"Simu haikoseake, Kambo!"

Haya. Nikamwambia aniongezee chai. Lakini ilikuwa kana kwamba ni mimi niliyeulizwa, na tangu hapo sijalala usingizi wa maana. Basi nimeona niseme, msije mkaniambia kwamba nilijua na nikawaficha.

Kuna watu, mwanangu, wanaopenda revolva za kale kama wengine wanavyopenda saa za ukutani. Hawapigi nazo mtu. Wanazipangusa, wanaziweka ndani ya kabati la kioo, halafu wanabishana kuhusu umri wake siku nzima bila kuchoka. Swali lao la kwanza huwa ni urefu wa mtutu. Kiwanda kimoja kilianza na mitutu mirefu, baada ya miaka kikatoa ya kadiri, mwishoni kikatoa mifupi ya kuingia mfukoni. Kwa hiyo ukijua urefu, unaweza kukisia kipindi. Nimesema kukisia. Neno hilo nililijua wakati ule, ila sikulipenda.

Nilipata kazi pale makumbusho kwa sababu ya mwandiko wangu. Usicheke! Wakati wetu mwandiko mzuri ulikuwa kitu. Directeur wetu, mkuu wa nyumba ile, mzee mpole mwenye kikohozi, alinipa kazi ya kujaza fiche, yaani zile kadi ngumu zinazoeleza kila kitu kilichomo ndani ya kabati: jina lake, kilikotoka, umri wake. Kuhusu silaha alinipa kitabu kilichochapwa Ubelgiji, chenye michoro na orodha za urefu wa mitutu. Nilikisoma mwezi mzima. Mwisho wa mwezi nikawa fundi. Nani aliniambia mimi ni fundi? Hakuna. Nilijipa cheo mwenyewe, nikaanza kutembea na rula mfukoni kama mwalimu mkuu.

Wale waliosimama mbele yangu ile Jumanne niliwajua. Mmoja alikuwa Mama Kabange, mjane kutoka Mitwaba, ambaye mumewe alifanya kazi kwenye atelier, yaani karakana, ya reli tangu enzi za Wabelgiji. Pembeni yake alikuwa bintiye kitinda mimba, Mujinga, rafiki yangu. Tuliimba pamoja kwaya ya parokia, sauti ya pili, tukishikilia kitabu kimoja kwa sababu yeye alikuwa hawezi kukaa na chake bila kukipoteza. Mujinga alikuwa amechumbiwa. Kijana mwenyewe alimpenda, naye alimpenda kijana, na wazee walikuwa wamekwisha kugonga mlango, yaani ile ziara ya kwanza ambayo upande wa mwanamume huenda kujitambulisha nyumbani kwa msichana.

Katika ziara hiyo ndipo mambo yalipoharibika. Upande wa kijana uliongozwa na baba yake mdogo, Papa Numbi, mtu mrefu, mkimya, mwenye kofia. Baba mzazi wa kijana hakuwepo. Aliuawa katika miaka ya vurugu baada ya uhuru, kijana akiwa bado mtoto wa kubebwa. Mtu asiyejulikana alimsimamisha njiani, akatoa ndani ya koti revolva fupi, akapiga. Papa Numbi alikuwepo siku ile, aliona mkono na aliona chuma, uso hakuuona. Sasa fikiri, mwanangu, anaingia salon, yaani sebuleni, kwa Mama Kabange, anakaribishwa kiti, anainua macho, na juu ya kabati la vyombo anaona revolva fupi imelazwa kwenye kitambaa cheupe kilichofumwa.

Hakupiga kelele. Aliuliza tu imetoka wapi. Mama Kabange akajibu bila wasiwasi kwamba marehemu mumewe alipewa na mkubwa wake wa kazi, Mzungu mmoja mekanisien, fundi mitambo, siku Mzungu huyo alipostaafu na kurudi kwao. Iwe ukumbusho. Na Mzungu yule aliondoka miaka mingi kabla ya vurugu.

"Muzuri," Papa Numbi akasema. "Tuipeleke kwa bantu benye kuyua. Kama ile kintu ni ya zamani, ya wakati ya ule Muzungu, tutaomba musamaha na ndoa itaendelea. Kama ilitengenezwa nyuma, Muzungu akiisha kwenda, basi bwana yako alikudanganya, na shiye hatuingie tena mu ile nyumba."

Wote wakakubali. Mama Kabange ndiye aliyekubali wa kwanza, kwa sababu hakuwa na shaka hata chembe. Na bantu benye kuyua, watu wenye kujua, mwanangu, ndio mimi! Directeur alikuwa ameenda Likasi kwenye matanga. Mlinzi aliwafungulia mlango, wakaniona na rula yangu, wakaona wamefika.

Ningewaambia wangoje siku tatu mzee arudi. Hilo wazo lilinijia, nalikumbuka vizuri, lilipita kichwani kama mtu apitaye dirishani. Nikaliacha lipite.

Nikapima mara ya kwanza. Nikaweka rula kutoka mdomo wa mtutu mpaka nyuma ya kile kichwa kinachozunguka, chenye matundu sita ya risasi. Nikapata sentimita kumi na moja na kitu. Nikafungua kitabu: mtutu wa kumi na moja, kipindi cha kati. Mzungu aliondoka katika kipindi hicho hicho, kwa hiyo habari ya Mama Kabange inawezekana, na pia inawezekana haiwezekani. Nikageuza ukurasa, kumbe chini kuna maandishi madogo: kwenye revolva mtutu unapimwa kuishia mbele ya kichwa kile, chenyewe hakihesabiwi. Nikaona haya. Nikapima upya, nikapata saba. Saba ni kipindi cha mwisho kabisa! Revolva za saba zilianza kutoka kiwandani miaka mingi baada ya Mzungu kupanda treni yake.

Sasa nikaigeuza nitafute namba, kwa kuwa kitabu kilisema kila revolva ina namba ya kiwanda. Chini ya mtutu, ndani ya mafuta yaliyoganda, nikakuta hamsini na nane. Hamsini na nane tu. Mwanangu, kiwanda kile kilitengeneza maelfu. Namba hamsini na nane maana yake ni miongoni mwa zile za kwanza kabisa, za mtutu mrefu wa kumi na nne! Basi namba inaniambia ni mzee kuliko Mzungu, urefu unaniambia ni mtoto wa juzi. Nikapima mara ya tatu, kana kwamba chuma kingenionea huruma kikarefuka. Saba.

Kichwa kikawa kama sokoni siku ya Jumamosi. Sikuelewa namba, sikuelewa kitabu, nilianza hata kutoelewa rula. Mujinga alikuwa ananitazama na tabasamu dogo, lile tabasamu la kwaya tunapokaribia mahali pagumu pa wimbo, la kuniambia usiogope, utapaweza.

"Eh, Mademoiselle," Papa Numbi akasema kwa heshima, "mwenye kusoma sawa weye, inakushinda?"

Aliuliza kwa nia njema, nami nikasikia kama tusi. Inanishinda! Mimi! Nikafunga kitabu kwa kishindo, nikasema kwa Kifaransa kwanza, halafu kwa Kiswahili ili wote wasikie, kwamba revolva hii ni ya kipindi cha mwisho, ilitengenezwa karibu na miaka ya vurugu, na hakuna Mzungu aliyeondoka mapema angeweza kuwa nayo. Kuhusu ile hamsini na nane sikusema neno. Sikuielewa, basi nikaifunika.

Papa Numbi akavua kofia, akanishukuru. Alinishukuru, mwanangu, kwa mikono miwili! Kisha akatoka bila kumtazama Mama Kabange, na watu wake wakamfuata. Mama Kabange alibaki ameshika ukingo wa meza yangu.

"Bwana yangu hakukuwa mubongo," akasema, yaani hakuwa mwongo. "Mutoto, angalia tena. Bwana yangu hakukuwa mubongo."

Nikamwambia, kitabu ndicho kinachosema, Mama, si mimi. Tazama ujanja huo. Nilipotaka sifa nilikuwa mimi, ilipokuja lawama kikawa kitabu. Akakataa kuichukua ile revolva, akasema haiwezi kurudi nyumbani ikiwa imeitwa hivyo. Mujinga alikuwa hatabasamu tena. Alimshika mama yake mkono wakaondoka, nami nikakaa chini nikajaza fiche kwa mwandiko wangu mzuri, kwa wino, pamoja na mstari huu: namba ya kiwanda, hamsini na nane. Directeur aliporudi, akakuta kadi safi, akaitia sahihi bila kuisoma mara mbili. Aliniamini, maskini.

Miezi minne ikapita. Mujinga aliacha kuja kwaya. Mtaani watu walianza kusema mume wa Mama Kabange alikuwa na mambo yake wakati wa vurugu, na wale waliokuwa wakinunua unga wa mihogo kwake wakaanza kupita upande wa pili wa barabara. Mimi je? Mchana nilijiambia nimesema kweli, sentimita ni sentimita. Lakini ile hamsini na nane ilikuwa inanijia nikiwa nafua, nikiwa napika bukari, ugali wetu, nikiwa katikati ya sala. Nilifungua kabati mara ngapi sijui, nikaitazama, nikafunga. Nilimwogopa Directeur, nilimwogopa Mujinga, na kusema ukweli nilianza kuiogopa revolva yenyewe.

Ndipo kioo cha kabati kikakwama. Kufuli liliharibika, na Directeur akamwita Papa Mwamba aje alitengeneze. Papa Mwamba alikuwa ajusteur, fundi wa kuchonga na kulinganisha vyuma, aliyestaafu kutoka atelier ya reli. Mzee mfupi, vidole vinene, midomo haitulii. Alifungua kufuli kwa dakika mbili, na kama wazee wote wa reli, hakuweza kuona chuma bila kukishika. Akaichukua ile revolva, akaipima uzito kiganjani, akasoma kadi yangu. Akaanza kucheka.

"Nani aliandika hii?"

Nikasema ni mimi.

"Na hii namba, weye unasema ni ya kiwanda?"

Nikasema ndiyo, Papa. Kicheko kikamwisha.

"Mutoto mwanamuke, kuya hapa. Ikala. Hapana pale, hapa, karibu."

Akanikalisha kama mtoto wa shule ya kwanza. Akanionyesha juu ya mtutu, palipoandikwa jina la mji wa kiwanda. Nilikuwa nimelisoma mara mia. Akaniuliza linaishia na herufi gani. Nikatazama, mwanangu, nikaona neno limekatika. Herufi mbili za mwisho hazikuwepo, mahali pake palikuwa mdomo wa mtutu. Hakuna kiwanda kinachoandika jina lake nusu. Halafu akanionyesha kile kinundu cha mbele cha kulengea. Kwa zile za kiwandani huwa kipande kimoja na mtutu, lakini hiki kilikuwa kimebandikwa, na chini yake palikuwa na uzi mwembamba wa shaba ya njano, alama ya kulehemu.

"Hii kano waliikata," akasema. "Ilikuwa murefu. Weye ulipima kile kilibakia."

Nikamwambia basi ni ya zamani kweli, ni ya kumi na nne! Nikataka kuruka. Halafu, papo hapo, wazo jingine likaniangukia: nani anakata mtutu wa revolva? Si mtu anayetaka kuificha ndani ya koti? Kwa hiyo nimemtoa marehemu kwenye uongo, nikamtupa kwenye mauaji! Nilishika kichwa. Furaha na hofu vilinijia kwa pamoja, sikujua nianze na kipi.

"Papa," nikasema, "sielewe tena kintu."

"Ah, sasa njo unaanza kazi," akajibu. "Lete fil de fer."

Nikaleta waya. Akauingiza kwenye mdomo wa mtutu. Ukaingia kama urefu wa ukucha, ukagonga. Akausukuma, haukwenda. Ndani mlikuwa mmezibwa, na tulipoipeleka dirishani kwenye mwanga tukaona kizibo ni shaba ile ile ya njano iliyoshika kinundu cha mbele. Aliyekata ndiye aliyeziba, kazi moja, moto mmoja. Tangu siku ilipokatwa, revolva ile haikuweza kutoa risasi hata ya kuua panya.

Kisha akanieleza ile hamsini na nane, na hapo ndipo nilipoona ujinga wangu wote umesimama mbele yangu. Kwenye atelier ya reli kila ajusteur alikuwa na chapa yake ya chuma yenye namba. Ukitengeneza kitu cha mtu na kitu hicho kitoke nje ya atelier, unakipiga namba yako, la sivyo walinzi wa mlangoni wanakushika kama mwizi. Na siku ajusteur anapokufa au anapoacha kazi, wenzake wanaikusanyikia ile chapa yake, wanaiweka juu ya fuawe, wanaivunja kwa nyundo, asije mtu akafanya kazi mbaya kwa jina lake. Papa Mwamba alisimama alipofika hapo, akafuta macho na mkono wa shati.

"Cinquante-huit, ile hamsini na nane, ilikuwa mwalimu yangu," akasema. "Alinifundisha kushika lima, ile tupa ya kukwangua kyuma. Alikufa mbele, fujo haiyaanza bado, miaka mingi. Ile chapa ni miye niliivunja, na hii mikono."

Akaniambia pia kwa nini. Enzi zile mfanyakazi mweusi kukaa na silaha nyumbani ilikuwa kifungo. Mzungu aliyetaka kumwachia mtu wake ukumbusho ilimbidi kwanza auue ule ukumbusho, na mahali pa kuua chuma ni atelier. Ndiyo maana ilikatwa, ndiyo maana ilizibwa, ndiyo maana ilipigwa namba, ili ipite mlangoni. Marehemu aliyasema yote kama yalivyokuwa. Mkewe tu hakujua imezibwa, maana mumewe alimkataza mtu yeyote nyumbani asiiguse, na katika nyumba ile baba akikataza, mnakatazika.

Nilitegemea Papa Mwamba anifariji sasa. Ndiyo kwanza akanigeukia.

"Ulipima kyuma mara tatu. Benyewe, uliwauliza mara ngapi? Kwa atelier ni mwendo ya dakika kumi na miguu! Beko bazee pale mia, kila mumoja angekuambia ile namba ni nini. Weye ulisoma kitabu ya Bulaya juu ya kintu yenye ilipita kwa mikono ya baba zako."

Maneno hayo ninayo mpaka leo.

Siku ile ile nilimweleza Directeur. Alikohoa muda mrefu, kisha akasema tu niende mwenyewe, kwa miguu yangu, nisitume barua. Tulienda pamoja na Papa Mwamba mpaka kwa Papa Numbi, revolva ndani ya mfuko. Nikasimama mbele yake nikasema, Papa, nilikosea. Papa Mwamba akamwonyesha lile jina lililokatika, akampa waya aingize mwenyewe. Papa Numbi akaingiza. Akaingiza tena. Akaurudisha ule waya kwa Papa Mwamba.

"Nimesikia," akasema mwishowe. "Njo vile. Haiko ile yenyewe niliona." Kisha akaongeza: "Lakini kijana yetu tulimuoza kule Kolwezi. Mwezi wa jana."

Alinyanyuka, akavaa kofia, akaja nasi kwa Mama Kabange. Hilo nitamsifu nalo mpaka naingia kaburini. Alikataa kiti, akakaa kwenye kigoda kifupi cha jikoni, mtu mrefu vile, magoti yakigusa kidevu, akaomba msamaha. Mama Kabange alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akapiga vigelegele! Akaichukua revolva, akaipangusa na ncha ya kitenge chake, akawaita majirani waje wasikie kwamba bwana yake hakuwa mwongo, tena hakuwa muuaji, waje, waje wote! Alikuwa anacheka na machozi yanamiminika. Akanikumbatia hata mimi. Mimi niliyemfanyia vile! Nikasimama katikati ya shangwe ile nisijue nifurahi au nijifiche chini ya meza.

Mujinga alikuwa mlangoni. Alisikia yote, na habari ya Kolwezi aliisikia pia, kutoka mdomoni mwa Papa Numbi mwenyewe. Nilimwendea. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi njiani, mazuri, nusu yake ya Kifaransa. Yote yakanitoka. Nikasema tu, Mujinga, namba ilinichanganya, urefu ulinichanganya, vilikuwa vinapingana, nilikuwa sielewi kitu.

Akanitazama. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo.

"Ulikuwa unayua kama hauelewe?"

Nikasema ndiyo.

"Basi ungesema tu: siyui. Papa Numbi angengoya Directeur. Siku tatu. Leo ningekuwa bibi yake."

Akaingia ndani kumsaidia mama yake kukaribisha watu.

Basi, mwanangu, huo ndio mzigo wangu, na wewe nakupa uzito wake bila kukubebesha wenyewe. Kama kazi yako itakuwa kupima vitu vya kale, pima mtutu, ndiyo, kuanzia mdomo mpaka mbele ya kile kichwa kinachozunguka, usikosee kama mimi. Lakini kabla hujataja mwaka, tazama kama mtutu ule bado ni mzima: soma maandishi yake mpaka herufi ya mwisho, kagua kinundu cha mbele, tafuta alama ya moto wa fundi. Ukikuta alama mbili zinapingana, usichague ile inayokupa sifa ukaifunika nyingine. Nenda kwa wazee waliofanya kazi ile kwa mikono yao, bado wapo wachache pale kwenye mitaa ya reli, wapelekee sukari kidogo, watakuambia. Fiche andika kwa kalamu ya risasi. Na mtu akikuuliza jambo usilolijua, hata akiwa amevaa kofia, hata akiwa na familia nzima nyuma yake, hata rafiki yako akiwa anakutabasamia, mwambie hujui. Utaona aibu kidogo, itapita kabla ya chakula cha mchana. Yangu ina miaka zaidi ya arobaini na haijapita.

Mungu akujalie macho ya kuona palipokatwa, na masikio ya kuwasikia waliokutangulia. Akupe marafiki wa kuimba nao sauti ya pili, na wasidhurike kwa ajili yako. Na siku utakayosimamishwa mbele ya watu wanaongoja neno lako, akupe ujasiri ambao mimi sikuwa nao, wa kusema sijui.